Chakula Kila Mtu Chake, Picha ya Wote Moja: Usiku wa Rangi Tumeupindua

Wasee wa Kitale na Bungoma, leo sitamung'unya maneno. Hizi sherehe za kupaka rangi zimetoka Nairobi zikatufikia, na sisi tumezipokea miguu juu kichwa chini.

Kama bado hujaenda, rada ni hii. Unalipa tikiti. Unakaa mbele ya turubai nyeupe, aproni shingoni, brashi tatu mkononi, rangi zimemiminwa kwenye sahani ya karatasi. Mbele amesimama mchoraji na picha yenye ameshaimaliza, anawaongoza hatua kwa hatua: sasa chovya rangi ya machungwa, sasa vuta mstari hapa, sasa weka mti. Msosi na vinywaji unabeba mwenyewe kutoka keja. Muziki uko chini, simu ziko juu. Baada ya saa mbili hivi watu ishirini wanainua picha ishirini, wanapigwa foto ya pamoja, kila mtu anashika boda yake.

Sasa rudi uangalie hiyo foto polepole. Picha ishirini ni picha moja. Jua lile lile la machungwa, mti ule ule mweusi wa akasia, na ndege watatu kama alama za tiki kwenye daftari. Kisha tafuta meza ya chakula kwenye foto. Hakuna. Kila mtu ana mfuko wake kati ya miguu, ameufunga kama mzigo wa stage.

Kesi yangu ni hiyo tu. Chakula kila mtu chake, picha ya wote moja. Ilifaa iwe kinyume: chakula kiwe cha wote, picha iwe ya kila mtu. Mengine yote nitakayosema hapa ni ushahidi.

Kwanza, sikatai hii kitu

Kabla mseme nina wivu, nisikizeni. Mimi nataka usiku wa rangi uwepo. Jumamosi jioni kijana wa Kitale ana njia ngapi? Klabu, ama kibanda cha kuangalia mpira huku kila mtu anabeti, ama kulala kitandani ukisongesha video hadi data iishe. Mahali pa kukaa na watu hujawazoea, ukiwa na kitu cha kufanya na mikono, bila mtu kukusukuma kwa baa, ni pachache sana. Mtu mwenye aibu akipewa brashi anapata pa kuangalia. Stori zinaanza zenyewe. Hiyo ni kazi nzuri na naipigia makofi.

Tena kuna deni la zamani. Wengi wetu tulipita shule bila kupaka rangi hata mara moja. KCPE, hadi ule mtihani wa mwisho wa 2023, ilikuwa na masomo matano: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi, na Sosho pamoja na dini. Sanaa haikuwemo. Kwa ratiba ilikuwepo, kweli, lakini wewe na mimi tunajua kipindi hicho kilivyoliwa na Hisabati. Kitu hakitahiniwi, mwalimu atakifunza saa ngapi? Halafu ukifika sekondari, somo la Sanaa lilikuwa la shule chache. Kwa hivyo mtu wa miaka ishirini na mbili akishika brashi kwa mara ya kwanza kwenye sherehe, huyo si mshamba. Huyo analipia kitu alichonyimwa akiwa darasa la nne.

Ndio maana nakasirika. Umengoja miaka hiyo yote kupata brashi, halafu siku ya kuipata unaambiwa unakili.

Hili jua ni la nani?

Wacha niulize swali la jiografia. Ukiwa Kitale, jua linazama wapi? Toka nje jioni uangalie upande wa magharibi. Linazama nyuma ya Mlima Elgon. Mlima wa mita 4,321, mpana kama ng'ombe amelala, na mawingu yake kila siku yana sura tofauti. Upande wa pili kuna vilima vya Cherangani. Katikati kuna mahindi, mahindi, na mahindi. Huo ndio mandhari yetu. Ule mti mweusi uliokaa peke yake kama mwavuli, na twiga pembeni, ni wa kalenda ya hoteli. Umetoka kichwani mwa mtalii, ukapitia kwa simu ya mtu Nairobi, sasa sisi tunalipa tuuchore huku mgongo tumeupa Elgon.

Bungoma ni hivyo hivyo. Kuna maporomoko ya Nabuyole pale Webuye, maji ya Nzoia yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kuna soko la Chwele siku ya soko. Kuna kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichofungwa 2009 mji mzima ukayumba. Uliza mzee yeyote pale alikuwa wapi siku hiyo. Kuna Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana amepakwa udongo wa mtoni mwili mzima, amesimama bila kupepesa jicho. Hiyo nayo ni rangi, na ilikuwa kwetu kabla ya akriliki. Ukikosa cha kuchora Bungoma, shida haiko Bungoma.

Wakubwa wetu waliliona hili mapema. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanzania akafanya kazi Kenya, alipopewa kuta za kanisa la Murang'a miaka ya hamsini hakuchora Yesu wa kadi ya Krismasi. Alichora maisha ya Yesu kwa picha tano kubwa, akayaweka katika nchi ya watu waliokuwa wakisali mle ndani. Kisha 1965 akawa kati ya walioanzisha Paa ya Paa, Nairobi, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaonya vijana kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Fikiria usiku wetu mmoja wa Jumamosi: watu ishirini, jua moja. Mungu hajalala tu, anakoroma.

"Lakini mimi siwezi kuchora"

Najua ndio jibu la kwanza. "Buda, bila kuongozwa nitachora nini? Nitaharibu." Na waandaaji wanalipenda hilo jibu, maana picha moja ni rahisi kuifundisha, na foto ya mwisho inatoka safi ya kutangaza tikiti za mwezi ujao.

Sisemi mchoraji asiongoze. Kuongozwa ni jambo jema. Kwa Edward Said Tingatinga, Dar es Salaam, mambo yalianza na kuongozwa pia. Mwaka wa 1968 alianza kuchora kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya mbao laini za ujenzi, akiuza picha kule Oyster Bay. Hakuwa na turubai wala shule ya sanaa. Baiskeli, wasee! Bungoma mnasikia? Ndugu na jamaa wakaja kukaa naye, wakajifunza kwa kumwangalia mkono. Alikufa 1972, miaka minne tu baadaye, lakini wale waliokaa naye waliendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Ila hadithi hiyo ina pande mbili. Waliojifunza mkono wake kisha wakatafuta wanyama wao, rangi zao na stori zao ndio waliokuza mtindo. Waliobaki kunakili walijaza maduka ya watalii na chui yule yule. Mwalimu alikuwa mmoja kwa wote. Tofauti ilikuwa kama mtu alitoka na mkono wake au alitoka na picha ya mwalimu.

Kwa hivyo mchoraji wetu atuongoze mkono. Atuonyeshe jinsi ya kuchanganya bluu na njano tupate kijani cha mahindi ya Juni, na kwa nini kijani cha mahindi ya Septemba kinataka kahawia ndani. Atuonyeshe vile mlima wa mbali unapauka na wa karibu unakolea. Halafu aseme: sasa chora kitu unachokiona ukifungua mlango wa kwenu. Hapo ndipo kazi yake inaanza kweli, kupita kwa kila mtu, kuuliza, kusaidia. Itakuwa ngumu kuliko kusema "sasa wote weka ndege watatu." Lakini tumelipa tikiti kwa nini, kama si kwa ugumu huo?

Na ndiyo, picha yako itatoka mbaya. Ng'ombe atafanana na kochi. Poa! Watu watacheka, utaeleza kwa nini ni kochi, na mtu wa meza ya pili atakumbuka ng'ombe wa kwao. Picha ishirini zikifanana hakuna la kuulizana. Zikitofautiana, kila moja ni swali: hii ni wapi? Huyu ni nani? Kumbe unatoka Kiminini?

Tugeukie ile mifuko

Sasa chakula, na hapa ndipo panauma zaidi.

Sababu ya "beba chako" naielewa. Kuuza pombe kunahitaji leseni, jikoni kunahitaji pesa na wapishi, na mwandaaji mdogo wa Kitale hana hizo. Ukiambia watu wabebe, tikiti inashuka. Sawa kabisa. Shida si kubeba. Shida ni kila mtu kula alichobeba, peke yake, akiangalia cha jirani.

Mwaka jana nilikuwa kwenye usiku mmoja wa hivi. Mbogi ya mbele walikuja na kuku mzima wa kukaanga, pizza, na divai ya kufunguliwa kwa mbwembwe. Nyuma kulikuwa na msichana mmoja amekuja peke yake. Alikuwa na chapati mbili na ndengu kwenye kontena ya siagi. Saa ya kula ilipofika hakuifungua. Alisema ameshiba. Alipaka ule mti wa akasia mara tatu juu ya mwenyewe ili aonekane ana kazi. Hakuna mtu alimkosea. Hakuna mtu alimtusi. Mpangilio wenyewe ndio ulimfungia ndengu zake.

Tumetoa wapi hii tabia? Si ocha. Uliza kukhu wako kule Bungoma, uliza kogo wako kule Trans Nzoia, nyumba ya udongo ilivyopakwa. Akina mama wa jirani walikuja pamoja, udongo ukakanyagwa na samadi ikachanganywa, majivu na udongo mwekundu na mweupe vikaletwa, kuta zikapakwa kwa viganja, na anayejua kupamba akapamba. Mwenye nyumba alipika. Waliopaka walikula sufuria moja. Huo ndio usiku wa rangi wa kwetu, isipokuwa ulikuwa mchana na hakuna aliyeuza tikiti. Kila mkono uliacha alama yake ukutani. Chakula ndicho kilikuwa kimoja.

Ama chukua wazee wa Kibukusu na busaa yao. Chungu kimoja katikati, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Sisemi mkanywe busaa. Nasema tazameni akili iliyo ndani ya huo mpangilio. Kinachonywewa ni cha wote. Mrija ni wa mtu. Sisi tumefanya kinyume kabisa: kila mtu na chungu chake, halafu mrija mmoja wa rangi ya machungwa tumeuvuta wote.

"Na je, usalama?"

Hii hoja naiheshimu, na nitaijibu bila mzaha. Kuna watu watasema: siwezi kula cha mtu nisiyemjua, dunia imeharibika, kuna mchele. Na kweli mambo ya watu kuwekewa dawa kwenye vinywaji si hadithi, kila mtu hapa amesikia ya jirani. Kwa hivyo sheria yangu iko wazi: sahani iwe ya wote, glasi ibaki yako. Kinywaji chako kifungue mwenyewe, kishike mwenyewe, ukienda choo enda nacho ama kimwage. Hapo sitabishana na mtu.

Na wewe mwenye miaka kumi na saba unayesoma hii, pombe haikuhusu. Sheria ya Kenya inasema 18, na 2025 sera mpya ya NACADA ilipendekeza ipandishwe hadi 21. Lakini rangi inakuhusu, chakula kinakuhusu, na mursik haijawahi kuulizwa kitambulisho. Usiku wa rangi wenye hauwezi kukaribisha mtoto wa Fomu Tatu kwa sababu chupa ndizo nyingi kuliko brashi, huo ni usiku wa chupa. Wauite jina lake.

Kuhusu chakula, tuache kujifanya. Matanga umekula kwa watu usiowajua. Harusi umekula. Kibanda cha chapo pale stage umekula jana, na jina la mpishi hulijui. Imekuwaje ukishika brashi tumbo linakuwa la kifalme? Chakula kiwekwe mezani mbele ya wote, kiwe kimefunikwa, maji ya kunawa yawepo, anayeleta nyama aseme ni nyama gani na imechinjwa wapi ili Mwislamu na asiyekula wajue. Hayo ni mambo ya dakika tano.

Halafu kuna doo

Wacha tupige hesabu ya mfano. Watu ishirini, tikiti bob 1,500 kila mmoja: hiyo ni 30,000. Toa turubai, rangi, brashi, viti, mahali. Kinachobaki, mchoraji aliyesimama saa tatu amepata ngapi? Ukienda usiku wa rangi, uliza hilo swali kwa sauti. Si ujuaji. Unanunua mkono wa mtu, una haki ya kujua kama mwenye mkono amelipwa.

Na mchoraji huyo ni nani? Mara nyingi anatangazwa kuwa ametoka Nairobi, kana kwamba rangi inakolea ikipanda basi. Tembea Kitale mjini uangalie kuta. Nani alichora kile kichwa chenye pati kali kwenye kinyozi? Nani alichora samaki na ugali mpaka ukasikia njaa ukiwa umeshiba? Nani aliandika ile methali nyuma ya matatu ya Kitale–Webuye, herufi zina kivuli kama zinaruka? Hao mafundi wako hapa. Wanajua kuchora juu ya mabati, mbao, plasta, na wanamaliza kabla mvua ya saa tisa. Hakuna anayewaita wasanii, kwa hivyo hakuna anayewaita kufundisha. Mwite mmoja. Mlipe vile ungemlipa wa Nairobi pamoja na nauli ya basi. Utajifunza kutupa kivuli cha herufi, na hiyo huipati kwenye video ya jua la machungwa.

Chimbuko la biashara hii lenyewe linatusuta. Moja ya kampuni zilizoieneza Marekani, Painting with a Twist, ilianzishwa 2007 na wanawake wawili katika mji wa Mandeville, Louisiana, eneo ambalo Kimbunga Katrina kilikuwa kimelivuruga 2005. Walitaka watu wapate mahali pa kukaa pamoja wachangamke tena. Kumbe hata huko ilianza kama dawa ya watu waliovunjika. Sisi tumeagiza chupa ya dawa, tukasoma lebo, tukasahau kunywa.

Ninachotaka kutoka kwenu

Waandaaji wa Kitale na Bungoma, naomba mambo manne, hakuna hata moja linaloongeza bei.

Moja: tangazo lenu lisiseme "beba chakula chako." Liseme "beba chakula cha meza." Mwenye doo alete kuku, mwenye ndengu alete ndengu, wa Kitale alete mahindi ya kuchoma, mwenye kupata kumbikumbi za msimu alete tuone nani atakimbia. Vyote vipakuliwe kwenye vyombo vya pamoja, mifuko ifichwe, asijue mtu nani alileta nini.

Mbili: mkono uongozwe, picha isiongozwe. Fundisheni rangi, kivuli, umbali. Mada iwe moja kama mnataka, "mlango wa kwetu" ama "njia ya kwenda shule," lakini kila turubai iwe na mlango wake.

Tatu: mchoraji awe wa hapa, na malipo yake yasemwe wazi.

Nne: angalau mara moja kwa msimu, tokeni kwenye vyumba vya kukodi. Makumbusho ya Kitale yako hapo tangu 1974, yana boma za jamii zetu na njia ya kupita msituni. Ombeni ruhusa mchoree pale mchana. Mtu akichora boma akiwa ameliona, hamtahitaji twiga.

Na wewe mnunuzi wa tikiti, kabla ya kulipa, uliza maswali mawili: picha itakuwa yangu? Meza itakuwepo? Wakisema hapana kwa yote mawili, hiyo 1,500 nunua makopo madogo ya rangi kwa duka la vifaa vya ujenzi, okota vipande vya mbao kwa fundi, ita watu sita nyumbani, pika sufuria moja ya githeri. Itawatosha, na itabaki ya mtu wa saba atakayekuja akisema ameshiba.